Ama Hajatolewa Nje

Bwenini, 3 Juni 2024

Nana yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Bantama? Goti lako la kushoto linaendeleaje, na yule kuku aliyekuwa akitaga kabatini ameacha? Mimi ni mzima, ila pilipili ya shito uliyonifungia imekwisha. Wenzangu wa chumbani walinisaidia kuimaliza bila kuombwa.

Nana, nina jambo. Mwalimu wetu wa uandishi, Madamu Ayorkor, atamchagua msichana mmoja wa kidato cha pili kwenda Akra wakati wa likizo, wiki nzima, kufundishwa na waandishi wa kweli. Anayetaka kwenda lazima awe na blogu. Blogu ni kama daftari lililoachwa wazi kwenye mtandao. Mtu yeyote duniani analisoma bila kukuomba ruhusa. Iwe na habari zisizopungua tatu. Madamu atazifungua zote Ijumaa tarehe 14, kwenye kompyuta ya ofisini.

Unajua simu ni marufuku hapa. Wenzangu wana kaka na dada nyumbani. Mimi nina wewe, na ile simu kubwa aliyokuletea Mama Mdogo, ambayo unaifunika kitambaa kama televisheni.

Nimeandika habari tatu za vitenge vyako, jinsi ulivyovipa majina ulipokuwa ukiuza sokoni: "Jirani, Funga Dirisha", "Ukija na Maneno, Njoo na Kiti", na "Sikuitwa, Nimepita Tu". Kurasa zimo humu ndani ya bahasha. Fanya hivi, polepole. Kwanza fungua barua pepe. Utatakiwa neno la siri. Usimwambie mtu yeyote. Kisha nenda kwenye ukurasa wa blogu za bure, anwani yake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Wataomba jina la blogu. Weka lolote zuri. Watakuonyesha sura nyingi za kurasa. Chagua nyeupe, maana zile za maua huficha maneno. Bonyeza Andika, nakili habari ya kwanza, ipe kichwa, isome tena. Mwisho bonyeza Chapisha. Usipobonyeza hapo, maandishi yanabaki ndani kama rasimu na hakuna atakayeyaona.

Sijawahi kutaka kitu namna hii, Nana. Sijamwambia mtu isipokuwa wewe.

Mjukuu wako,
Pokuaa


Bantama, Kumasi, 9 Juni 2024

Mjukuu wangu Pokuaa,

Marahaba. Sisi ni wazima. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Kuku ameacha kutaga kabatini, tulimla.

Blogu yako nimeianza jana, Jumamosi. Simu iliniomba neno la siri. Nikakataa, kwa kuwa ulisema nisimwambie mtu yeyote. Ikaniomba tena, mara tatu, kwa maandishi mekundu. Nikaizima, nikaifunika kitambaa chake. Ikabidi nimwite Mzee Bediako wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa mpiga chapa wa mahakama miaka thelathini.

"Dufie, simu si mtu," akaniambia.

"Mbona inauliza kama mtu?"

"Wewe iambie tu. Mimi nitatazama ukutani."

Akatazama ukutani, nikaiambia. Hata yeye halijui, na mimi mwenyewe sina hakika kama bado ninalikumbuka.

Tukafika kwenye blogu. Kitu cha kwanza, kabla hata ya salamu: jina! Pokuaa, mimi nimelea watoto sita. Mtoto akizaliwa anakaa ndani siku nane. Ni mgeni, hujui kama amekuja kukaa au anapita. Siku ya nane, alfajiri, ndipo anatolewa nje, anaonjeshwa maji na pombe, anapewa jina. Leo mtandao unataka jina mtoto kitovu hakijakauka! Nikamwambia Mzee Bediako aandike jina la siku tu, kama la kila mtoto. Jumamosi, wa kike, basi ni Ama. Mtandao ukajibu kwamba Ama ameshachukuliwa. Ajabu gani? Nusu ya Kumasi imezaliwa Jumamosi. Kwa hiyo anwani yake ni Ama-wa-Bantama. Jina lenyewe atapewa tarehe 15.

Habari zako zote tatu amezinakili. Vidole kumi vilivyotisha mahakimu, kwenye simu anatumia kimoja. Alitaka kuanza kila habari kwa "Ninayo heshima kukujulisha kwamba". Nikamwambia hii ni blogu, si samansi. Zimo ndani, kwenye hiyo rasimu yako. Hakuna jicho baya lililoziona.

Limebaki tatizo moja. Jina hutolewa na baba. Mzee Bediako anadai kwamba aliyechapa ndiye baba. Nimemwambia kubofya si kuzaa. Nalifikiria.

Kula vizuri.

Nana yako,
Dufie


Bwenini, 12 Juni 2024

Nana yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo. Mimi ni mzima wa mwili, lakini barua yako niliisoma nimesimama na nikamaliza nimekaa.

Tarehe 15 ni Jumamosi, Nana. Madamu anaangalia Ijumaa. Ama atakuwa na siku saba!

Najua mila zetu na ninaziheshimu. Lakini blogu si mtoto. Haishikwi na homa, hainyonyi, haina kitovu. Haihitaji hata baba. Jina lolote litafaa, hata "Vitenge" tu. Sarpomaa tunayelala naye chumba kimoja ametengenezewa blogu na kaka yake. Ina jina kwa herufi za dhahabu na vipepeo wanaoruka. Haina maandishi bado, lakini ipo, inaonekana.

Nakupigia magoti kwa karatasi. Bonyeza Chapisha kabla ya Ijumaa. Barua hii nimemwomba mpishi wetu ampe dereva wa basi la Kumasi, ambaye ni mjomba wake, ili ikufikie kesho.

Mjukuu wako anayekutegemea,
Pokuaa


Bantama, 13 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Dereva amefika, nami namrudishia hii saa hii hii, injini inanguruma.

Nimekusikia. Lakini wanawake wa sokoni nimeshawaalika. Nikimtoa mtoto siku ya saba watauliza bibi yake alikuwa akikimbilia wapi. Hata hivyo mimi si jiwe. Nimemwambia Mzee Bediako achapishe tangazo dogo, ili Madamu wako asifike mlangoni akadhani hakuna watu.

Nana yako


Bwenini, 14 Juni 2024

Nana,

Shikamoo. Sina nguvu ya kuuliza habari za goti, nisamehe.

Tulikuwa wasichana tisa ofisini, tumepanga mstari. Madamu alifungua blogu moja moja mbele yetu. Ya Sarpomaa ilipofunguka, vipepeo waliruka mpaka kompyuta ikakwama, ikabidi izimwe na kuwashwa upya. Kisha ikaja yangu. Ilikuwa nyeupe, kama nilivyokuomba, na katikati palikuwa na maneno haya. Nayaandika kama nilivyoyasoma:

"Ninayo heshima kukujulisha kwamba Ama yupo ndani, ni mzima, analala vizuri. Hatolewi nje kabla ya Jumamosi alfajiri. Usibishe hodi. Kwa amri ya Nana Dufie."

Walicheka, Nana. Sarpomaa alicheka mpaka akashika meza. Sasa bweni zima linaniita Mama Ama, na wakati wa chakula cha mchana mtu aliniwekea uji akisema mzazi lazima apate maziwa.

Madamu Ayorkor hakucheka. Aliuliza, "Nana Dufie ni nani?"

Nikasema, "Ni bibi yangu, Madamu. Anasema ni siku nane."

"Hata sisi wa kabila la Waga ni siku nane," akasema. "Lakini hii ni orodha, Pokuaa, si familia. Kesho saa nne nitafungua tena, mara moja tu. Saa sita jina la msichana linaondoka kwenda Akra. Nikikuta tangazo, nitaandika jina la mwingine."

Sina njia ya kukueleza haya kabla ya kesho. Barua itakufikia mambo yakiwa yamekwisha. Naiandika kwa sababu nisipoandika nitalia, na kulia humu kunasikika hadi chumba cha tatu.

Mjukuu wako,
Pokuaa


Bantama, 15 Juni 2024, baada ya sherehe

Pokuaa wangu,

Salamu nyingi. Keti kwanza.

Ama ametolewa nje. Walikuja wanawake kumi na mmoja wa sokoni, kila mmoja amevaa kitenge ambacho nilikipa jina mimi, na simu mkononi. Jua lilikuwa halijachomoza. Niliweka simu yangu juu ya mto mweupe. Kuhusu baba, nilikubali. Nitakuambia kwa nini. Yule mzee amesahihisha barua za mahakimu maisha yake yote, lakini maneno yako aliyaacha kama ulivyoyaandika, hata pale uliposema mimi nilikuwa mkali kama nyigu. Nikasema huyu anajua kumshika mtoto wa mtu.

Basi akabonyeza Chapisha. Nami nikachovya kidole ndani ya maji, nikamwonjesha Ama, nikasema, "Ukisema maji, yawe maji." Nikachovya kwenye pombe kali, nikasema, "Ukisema pombe, iwe pombe." Mara tatu tatu, kama inavyotakiwa. Mdomo wa simu ni lile tundu inalolishwa umeme. Wewe ungemwonjeshea wapi?

Simu ikawaka taa nyeupe, ikatetemeka, ikafumba macho.

Mzee Bediako anasema alibonyeza kabla ya maji. Mama Takyiwaa muuza uzi anasema maji yalitangulia. Mimi ndiye niliyekuwa na kidole ndani ya bakuli na sikumbuki. Wale wanawake walikuwa wameshaanza kuondoka kwenda kufungua vibanda vyao, kwa hiyo hakuna wa kuniangalizia kama Ama anaonekana au haonekani. Simu imelala ndani ya gunia la mchele. Neno la siri limenitoka kabisa kichwani.

Jina alikuwa ameshapewa. Baba yake alilichapa kwanza, kisha akasimama akalitaja kwa sauti ya mahakamani. Sitaliandika hapa. Yule mzee hana haya. Wanawake walipiga vigelegele mpaka nikakosa pa kutazama.

Pokuaa, kama nimekuharibia, nisamehe. Nilijua Ijumaa ni lini. Lakini hiki ni kitu chako cha kwanza duniani, na sikutaka kitoke mlangoni kama kitu kilichotupwa. Nilitaka kitoke kwa heshima. Labda nilikosea.

Nana yako,
Dufie


Bwenini, 16 Juni 2024

Nana yangu mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena. Goti je? Mchele umeifaa simu?

Barua yako nimeipata leo baada ya ibada, lakini mambo yenyewe nilikuwa nimeshayaona jana. Saa nne kamili nilikuwa mlangoni mwa ofisi. Madamu alikaa, akaandika anwani. Mtandao wa hapa hutembea kama mwenye mguu mbovu. Kwanza ukurasa ulikuwa mweupe mtupu. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha Madamu akasoma kwa sauti: "Dufie."

Nikainua macho. Lilikuwa pale juu, kwa herufi kubwa nyeusi: DUFIE. Chini yake zilikuwepo habari zangu, zote tatu. Hakuna neno lililobadilishwa. Mwambie Mzee Bediako kwamba alisema kweli. Alibonyeza kabla ya maji.

Chini ya habari kulikuwa na maoni, Nana, kumi na tisa! Wanawake wa sokoni walipofika vibandani waliyaandika kabla ya kufungua mizigo. Mmoja ameandika, "Uongo mtupu, hicho kitenge kilipewa jina na mama yangu na Dufie alikuwa amesinzia." Mwingine akamjibu, "Mama yako aliuza sufuria, nyamaza." Madamu aliyasoma yote, na safari hii alicheka mpaka akavua miwani. Blogu za wenzangu hazikuwa na maoni hata moja, isipokuwa ya Sarpomaa, ambapo kaka yake ameandika "Safi".

Halafu akasoma habari zenyewe, kimya, kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Akaniuliza kwa nini jina hilo. Nikasema kwetu baba humpa mtoto jina la mtu anayemheshimu kuliko wote. Akaitikia kwa kichwa polepole, akachukua kalamu, akaandika jina kwenye fomu ya Akra, akaigeuza ili nikague herufi.

Niliziangalia muda mrefu sana, Nana. Herufi zangu zote zilikuwa sawa.

Kwa hiyo hukuniharibia kitu. Nakushukuru mpaka maneno yananiishia, na mimi ndiye nakwenda Akra kuyatafuta.

Ila nina swali moja, kwa heshima. Wewe ndiye uliyemtunza Ama ndani siku nane. Mzee Bediako ndiye baba, na umekubali mbele ya mashahidi kumi na mmoja. Sisi chumbani, pamoja na Sarpomaa ambaye tumepatana, tumelijadili. Wazee wakipata mtoto, si huwa wanaoana?

Mjukuu wako,
Pokuaa


Bantama, 20 Juni 2024

Mjukuu wangu Pokuaa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, na ya tano nimesomewa na Mama Takyiwaa ili nisikie inavyosikika katika mdomo wa mtu mwingine. Nimelia kidogo. Goti halijambo. Simu imefufuka, inanuka pombe.

Nakutumia chupa mbili za shito, moja ya wezi wa chumbani kwako.

Swali lako halina adabu. Soma vitabu vyako.

Nana yako,
Dufie


(Chini ya karatasi hiyo hiyo, kwa mashine ya chapa:)

Ninayo heshima kukujulisha kwamba swali hilo nilikwisha kuliuliza mimi mwenyewe, Jumapili, baada ya kanisa. Jibu analo, liko kwenye rasimu. Bado hajabonyeza Chapisha. Leo ni siku ya tano.

Babu yako mtarajiwa,
Bediako