Nauli ya Meli ya Tanga

Alhamisi, jioni. Mvua ya vuli ilinyesha asubuhi, sasa mtaa umetulia na ardhi inanukia vizuri.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Jumanne ile ya mwezi uliopita, niliporudi na fedha za Baba mkononi nikasema ofisi ya meli imefungwa, haikuwa imefungwa. Nilifika mpaka dirishani.

Nilishindwa kusema.

Njia nzima, tangu dukani kwetu Kariakoo mpaka nikavuka Mnazi Mmoja, nilikuwa nikirudia maneno yangu: watu watatu, sitahani, kwenda Tanga, meli ya Krismasi. Karani akainua uso, akanitazama, na maneno yote yakanipotea. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Binti, sema au pisha." Nikapisha. Nikaendelea kupisha mpaka nyumbani.

Nimemaliza darasa la nane mwaka huu. Nikishika kalamu naweza kuandika barua ya kurasa nne. Mbele ya mtu nisiyemjua, ulimi unakuwa mzito kama gunia la viazi.

Kabla Baba hajapata nafasi ya kwenda mwenyewe, wiki iliyofuata likabandikwa tangazo kwamba nauli ya meli ya sikukuu imepanda.  Mama amekaa Dar es Salaam miaka kumi na minne, na kila Krismasi tunakwenda kwetu Kilimanjaro kwa lori la mizigo, tumekaa juu ya magunia. Mwaka huu tu ndio aliomba twende kwa meli mpaka Tanga, halafu treni mpaka Moshi. Alitaka akae, atazame maji, asipike, asibebe kitu. Alikuwa ameshashona gauni la safari. Baada ya lile tangazo alilikunja gauni hilo, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Nilimwona.

Baba hakukubali kulipa bei mpya. Anauza nyanya na vitunguu kwa jumla, na anachokijua sokoni ni kwamba muuzaji anayeringa asubuhi, jioni anabembeleza. Akasema tutangoja siku yenyewe ya meli.

"Nafasi tupu ni kama nyanya iliyoiva," akatueleza. "Meli ikiondoka nayo, imeoza. Watanipunguzia wenyewe."

Jirani yetu Bi Hadija, ambaye kwao ni Tanga na meli ameipanda tangu utoto, alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Ndeshi, meli si fungu la nyanya! Siku hiyo utafika kuipungia mkono tu."

"Wewe Bi Hadija hujui biashara."

"Na meli je, wewe unazijua? Ninyi watu wa mlimani bahari mnaijulia kwenye kitoweo!"

Walipotaniana hivyo kila mtu alicheka. Mimi nilitazama chini. Baba asingekuwa na haja ya kungoja chochote kama ningefungua mdomo Jumanne ile.

Leo mchana Mama alinituma Mchafukoge kununua uzi. Nilinunua uzi, kisha nikajikuta nimepitiliza mpaka bandarini. Dirishani alikuwa karani yule yule. Safari hii sikuwa nimejifunza maneno yoyote. Nilimuuliza tu lililokuwa likinisumbua: ni kweli nauli inashuka siku ya mwisho?

Akavua miwani. "Nani kakudanganya? Siku ya mwisho hapa tunawapa watu pole tu, binti. Na hiyo ya Krismasi imeshajaa."

Nilidhani nitalia pale pale. Badala yake nikasikia sauti yangu ikiuliza kama hakuna meli nyingine. Ipo, akasema. Inatangulia siku kumi, na kwa kuwa wote wanagombania ile ya sikukuu, hii bado ina nafasi, tena kwa nauli ya zamani. Nikamwomba aandike jina la Mama na langu. Akayaandika kwa penseli, akasema yatakaa hapo mpaka saa kumi, si zaidi.

Nilirudi nusu natembea, nusu nakimbia. Baba alinisikiliza huku akichagua nyanya. Siku hizo kumi kabla ya Krismasi hawezi kuacha duka, ndio wakati wenyewe wa kuuza. Akamtazama Mama. Mama alikuwa anachagua mchele, kichwa chini, na punje ile ile aliiokota mara tatu. Baba akanawa mikono, akachukua kofia yake.

Saa kumi na moja alirudi na tiketi mbili. Yeye atatufuata kwa lori.

Nilitaka kumweleza habari ya Jumanne ile saa ile ile. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameinua tiketi juu ili Bi Hadija azione.

"Bei ya zamani! Nilisema nini mimi? Si nilisema tungoje?"

"Haya bwana, umeniweza," Bi Hadija akasema. "Kesho wakuite bandarini uwafundishe kazi."

Sasa majirani wote wa dukani wanajua kwamba Baba ameishinda meli. Mama amelitoa gauni, analipiga pasi, anaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani. Ameniuliza mara mbili mimi nitavaa nini.

Nikisema ukweli leo, nitamharibia Baba sherehe yake. Labda nitamwambia nitakapokuwa mtu mzima, tukiwa tumekaa mahali, na yeye anacheka. Au huo ni woga wangu tu, umepata kisingizio kizuri? Sijui. Najua kwamba leo niliongea na mtu nisiyemjua, na Mama anakwenda kukaa na kuitazama bahari.

Basi wewe unayesoma daftari hili, ukikutana na Baba sokoni, msifu kwa subira yake. Haya mengine yabaki kwako na kwangu, tafadhali.