Uso wa Minza

Marahaba, mjukuu wangu Kabula. Hapa Nyakato sote wazima, babu yako anakohoa kidogo tu. Unauliza kwa nini unajipaka krimu nyingi kila usiku na chunusi haziishi, huku mwenzako wa chumbani anang'aa.

Nakuelewa. Mimi na dada yangu Minza tulifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, na vijana walimsalimia yeye kwanza. Kwa wivu nikajipaka mafuta mengi kuliko yeye, nikaota vipele. Minza akacheka: "Mdogo wangu, mimi hunawa kwanza. Wewe unakaanga vumbi!"

Basi nawa, kisha jipake kidogo. Jana Minza alikuja kutoka Kisesa, uso laini vilevile. Nilimpa chai, ila sukari nilimnyima.

Bibi yako