Mwalimu wa Somo la Saba

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili nataka ulisikie lote.

Wiki iliyopita alikuja binti kuomba kazi. Ana cheti cha ushonaji alichokipata mtandaoni, amekichapisha kwa rangi na kukitia kwenye plastiki. Nikampa kitambaa, nikamwambia, "Haya, kata mkono wa blauzi nione." Akashika chaki kati ya kidole cha kati na cha pete. Nikacheka. "We, kidole chako cha shahada kina nini?"

"Hakina kitu, mama. Ndiyo mbinu. Mwalimu wetu anashika hivi."

Unajua kwa nini mimi nashika hivyo. Sindano ilinipita kidole mwaka ule ulipoingia darasa la tano, na hakijakunjika tena hadi leo.

Binti akanifungulia simu yake. Somo la saba: kumkatia nguo mteja ambaye mabega yake hayalingani. Meza ni yangu. Mikono ni yangu. Sauti ni yako.

Siku uliponirekodi uliniambia, "Mama mdogo, nataka nisije nikasahau." Nikafuta meza vizuri, nikakata polepole ili uone. Labda kuna mtu amekuibia hiyo video. Niambie hivyo, roho yangu itulie.

Mama yako mdogo


19 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pole na mgongo, usiinamie meza muda mrefu. Mimi ni mzima, kazi tu ndizo zilizonibana, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Hakuna aliyeniibia. Darasa ni langu. Nilipoachishwa kazi kiwandani nilikaa miezi sijui nishike wapi, sikukuambia nisikutie wasiwasi. Rafiki akanionyesha hilo jukwaa la mtandaoni, kila mtu anafundisha anachokijua. Mimi kukata siwezi kama wewe, unajua. Nikirekodi mikono yangu, mkasi unatetemeka. Nikaona nitumie zako, nikaweka maelezo.

Sikukusudia kukuficha. Nilitaka kwanza lisimame, halafu nije nikushtue kwa furaha. Sasa wanafunzi ni zaidi ya elfu tatu! Wanashona kwa ujuzi wako mpaka nchi za watu. Hebu fikiria, mama.

Nitaweka jina lako. Nipe muda kidogo tu.

Mwanao


27 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sisi hapa tunaendelea. Yule binti nimemwajiri, ana mkono mwepesi na hachoki kuuliza.

Nilisubiri jina langu. Wiki zikapita, nikamwambia binti aniandikishe kwenye darasa lako kama mwanafunzi. Nimeyasikiliza masomo yote kumi na mawili, jioni baada ya kufunga duka, miwani puani. Unafundisha vizuri. Hilo sikunyimi. Ile habari ya kumwambia mteja avute pumzi kabla ya kupimwa kifua, umeieleza kuliko ninavyoieleza mimi.

Lakini somo la kwanza, mwanangu. Unajitambulisha pale. Unasema mama yako alifariki ukiwa na miaka tisa, na kwamba baada ya hapo hukuwa na mtu. Ukajifunza mwenyewe, peke yako, kwa vipande vya vitambaa ulivyookota.

Nililirudisha mara mbili, nikidhani masikio yangu yamechoka.

Hukuwa na mtu? Vile vipande uliviokota wapi, kama si chini ya meza yangu? Miaka yote ile ulilala kitandani kwangu, upande wa ukutani, kwa sababu uliogopa dirisha. Mikono chukua. Mimi ningekupa hata ungeniomba kwa simu, bila neno. Lakini kunifuta!

Nikaandika swali chini ya somo la saba: "Mwalimu, samahani, hiyo mikono ni ya nani?" Nikaliandika kwa adabu. Wanafunzi wengine wakaanza kuuliza pia, maana mmoja aliona mikono ile ni ya mtu mzima na wewe bado kijana. Asubuhi yake swali halipo. Na mimi simo tena darasani. Binti alijaribu kunirudisha, ikakataa.

Ni mitambo imefanya hivyo, au ni wewe?

Mama yako mdogo


10 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Ni mimi. Niliona jina lako kwenye orodha, nikajua ni wewe, nikabonyeza. Mkono ulifanya kabla moyo haujasema kitu.

Wale wenye jukwaa walinishauri kwamba watu wanampenda mwalimu aliyeinuka peke yake. Nikaandika hivyo. Nimelisema jambo hilo mara nyingi, mama, mpaka nikaanza kulia kweli ninapolisema. Nikajihurumia kwa uongo wangu mwenyewe.

Nikisema ukweli sasa, darasa litafungwa. Kuna mwaliko wa kufundisha kwenye chuo, naungoja. Nakuomba univumilie mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo nitasema kila kitu, nakuapia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


30 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hujaandika tangu nikuombe uvumilivu, na kimya chako kilinishinda kuliko maneno ambayo ungeniambia. Ndiyo maana nilisema ukweli mwezi wa sita, mbele ya wanafunzi wote, jina lako na kazi yako. Chuo wakaniandikia kwamba hawanihitaji tena. Darasa nimelifunga.

Jumamosi ile nilikuja dukani kwako nikidhani utanifokea. Nilijiandaa kwa hilo njia nzima. Ulikuwa na wateja wawili. Ukaniambia nikae kwenye benchi, zamu yangu ikafika, ukachukua futi shingoni ukanipima, ukamtajia binti vipimo akaandika. Ukaniuliza, "Gauni la mikono mirefu au mifupi, dada?" Nikasema mirefu. Ukasema, "Njoo Alhamisi."

Dada. Hujawahi kuniita hivyo maishani mwangu. Ndivyo unavyowaita wateja usiowajua.

Alhamisi nilikuja. Binti akanipa gauni, limekunjwa vizuri kwenye karatasi. Nikamwomba niingie nikusalimu. Akatazama chini, akasema, "Fundi ametoka." Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inakwenda, mama. Nilisimama pale kaunta mpaka binti akaona aibu kwa niaba yangu. Cherehani haikusimama hata mara moja.

Gauni limenikaa vizuri sana. Sijalivaa nje.

Sikuombi unirudishe kama zamani. Nataka kujua tu kama barua hii utaisoma.

Mwanao, ukiridhia