Kikundi Kimefungwa, Baba Hajapatikana

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baba amepotea. Dada yangu Ayoo alimleta kutoka Shirati kutibiwa macho. Wameshuka stendi ya Buzuruga hapa Mwanza, kamkalisha kwenye benchi, kaenda kununua maji. Kurudi — benchi tupu. Mimi nilikuwa Buswelu, juu ya ghorofa, na ndoo ya zege begani. Nimekwenda na matope yangu hivyo hivyo. Tumezunguka stendi mpaka sauti zimekauka. Polisi wameandika. Baba haoni vizuri, Kiswahili chake ni cha shida, na siku hizi husahau hata jina lake. Ukimuuliza anakwenda wapi anajibu: nyumbani. Mtu mwema anaweza kumpandisha gari lolote.

Jumanne, 10 Juni

Nimeweka tangazo na picha kwenye kikundi chetu cha mtandaoni, sisi vibarua wa Rorya tulio huku Mwanza. Watu kama sitini. Msimamizi ni mimi, kwa sababu nilitangulia kununua simu kubwa. Kwenye picha Baba anacheka. Linaonekana pengo la meno ya chini, yaliyong'olewa ujanani kwa mila yetu. Huwezi kumchanganya na mzee mwingine.

Watu wamefanya kama tunavyofanya kwenye msiba. Kila mmoja ananakili tangazo lote, anaongeza jina lake mwishoni, anatuma tena. Usipoongeza jina ni kama hukufika. Wamelipeleka mpaka vikundi vya Sengerema na Ukerewe. Nimesoma yale majina, nikalia kidogo. Kumbe hatuko peke yetu.

Jumatano, 11 Juni

Kikundi kimefungwa. Kusoma unasoma, ila ukiandika hayaonekani mpaka yakaguliwe. Wameandika: "Kikundi chako kimewekewa vikwazo kwa kurudia maudhui." Sijui maudhui ni nini. Josephat, tunayebeba naye zege, kasema ni vile vitu mnavyoweka humo. Picha ya Baba imefunikwa ukungu, eti inaweza kuwashtua watu. Meno tu! Mpaka uubonyeze ule ukungu ndipo umwone. Namba yangu ya simu nayo wameificha, wameweka nyota.

Nimemuuliza nani kaamua hivyo.

"Hakuna mtu, kaka. Ni mitambo. Imeona maneno yale yale, namba ile ile, mara mia. Inadhani nyie Wajaluo wote ni tapeli mmoja mwenye simu sitini."

"Si ituulize?"

"Iulize wewe. Huo hapo ukuta, anza."

Wazee walioandika Kijaluo nao wamezuiwa. Eti lugha haijatambulika. Nimekata rufaa, yaani nimebonyeza mahali pameandikwa kata rufaa. Basi.

Ijumaa, 13 Juni

Yuko hai.

Mchana, tukiwa tunakula, simu imelia. Juu ya kioo: "Selina: Huyu mzee yuko hapa kwetu tangu juzi, chakula anakula ila..." Halafu nukta. Nimefungua haraka, chini ya tangazo nikakuta: "Maoni haya yanasubiri kukaguliwa." Na yale maneno ya kwanza yamepotea.

Ila nini? Anaumwa? Kaanguka? Na kwetu ni wapi?

Nimetaka kumwandikia huyo Selina. Siruhusiwi kwa sasa kutuma ujumbe kwa nisiowafahamu. Josephat kanipa simu yake, tumefungua akaunti mpya kwa jina langu, picha ile ile ya Baba. Chai haijapoa, imefungwa — kukwepa vikwazo. Na akaunti ya Josephat imeondoka nayo, na ndimo alimokuwa akiuzia viatu vya mtumba. Kachukua simu yake, kaitia mfukoni. Halafu kasema, "Baba yako ni baba yangu. Ila simu yangu usiiguse tena."

Tumewatafuta akina Selina kwa simu ya Ayoo. Wamejaa kama dagaa. Wenye picha ya ua, kama ya huyu, nao wengi.

Msimamizi wa zege kasema nisipokuja kesho nisije tena.

Jumamosi, 14 Juni

Sikwenda.

Rufaa imejibiwa. Niliondoe tangazo lililokiuka kanuni, kikundi kifunguliwe papo hapo. Nisipoliondoa, kibaki kimefungwa mpaka ukaguzi uishe. Lini, hawasemi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: hatua hii hairudishwi.

Tangazo lenyewe ni la Baba. Maneno ya Selina yananing'inia chini yake, sijayasoma. Likiondoka, yanaondoka nalo.

Nimempigia Josephat. "Bonyeza. Watu sitini wakiachiwa, Selina atapatikana leo hii. Unasubiri mitambo ikuonee huruma?"

Lakini kama Selina akidhani tumemkataa? Kama haandiki tena? Na Baba yuko kwake na hiyo ila.

Ayoo kaitazama ile picha, kafuta kioo kwa khanga, kama ukungu ni vumbi. "Yaani tumfute Baba ndipo turuhusiwe kumtafuta?"

Nimemwambia nabonyeza. Kanishika mkono, kasema nisubiri kwanza aombe.

Anaomba sasa, kwa Kijaluo. Amemtaja Baba, amewataja waliotuma majina yao, amefika kwa Selina na anamwombea kama mtu wa nyumbani kwetu, yeye na watoto wake kama anao. Hajamaliza. Kioo kinataka kuzima. Nakigusa pembeni, mbali na kile kitufe, kinawaka tena.