Magoti ya Mama Kulwa

Alhamisi, Nyasubi

Bado naliona goti lile likishuka.

Mama Kulwa anaponda mawe ya dhahabu, na mgongo umemtesa miaka mingi. Anatafuna mirungi ili nyundo isimshinde. Mwenzangu wa kliniki karudia tena leo: "Mla mirungi huyo, anatafuta dawa tu. Mfukuze." Ameniudhi mpaka sasa. Mimi nampa dawa kidogo kidogo na mazoezi, kwa sharti moja: akitafuna, aniambie.

Leo kaniambia kabla sijauliza. "Daktari, jana nimetafuna. Ila kidogo."

Naogopa moyo wake. Mirungi huupeleka mbio, na siku moja ukija kusimama...

Mama mkwe wake akaingia kumchukua. Kwao mke humsalimia mkwe kwa magoti, lakini Mama Kulwa kwa miaka amesalimia akiwa amesimama, na ukoo mzima ukamwita mwenye kiburi. Leo akashika meza yangu. Akashuka taratibu, goti moja, halafu la pili.

"Shikamoo, mayu," akamwita mama kwa lugha yao.

Nilisimama kama niko kanisani.

Bibi hakuitikia marahaba. Alimtazama pale chini, akautazama mkono ulioshika meza.

"Kumbe ulikuwa unaumwa."