Kilo Zako Kwenye Kiti cha Kushoto

4 Februari

Kwa mwanangu Bisibisi,

Pokea salamu, zikizidi wagawie majirani. Mimi mzima, goti tu linajifanya bosi. Wewe je, unakula?

Sasa kaa chini. Lile gari letu jekundu la mashindano, la viti viwili, lililozaliwa kabla sijaoa, nimelishusha! Springi fupi, shokabu mpya. Limelala kama paka anayevizia, vilevile kama picha uliyobandika kwenye ukuta wa gereji. Nimefanya kazi bandari tatu, nimeshika magari ya mabalozi, sijaona kitu kama hiki.

Unakumbuka nilivyokuwa nakukalisha kitini kabla ya kukaza bolti za mwisho, ili gari likae sawa likiwa na watu? Safari hii nilikaa mimi kwenye usukani, kwako kushoto nikaweka mfuko wa mchanga, kilo arobaini na nane, uzito wako. Akakaza fundi redio jirani. Limenyooka kama meza!

Aprili chukua likizo uje, tuzunguke mji mpaka watu wavunjike shingo.

Baba yako, fundi wa mafundi.

20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sijambo, ila mikono imekauka kwa sabuni za huku udobini. Goti likande, usijifanye kijana.

Nimecheka mpaka wenzangu wakazima mashine. Kilo arobaini na nane? Hizo nilikuwa nazo siku naondoka, Baba. Miaka kumi na moja! Jana nimepanda mizani ya mashuka: sabini na moja. Ongeza mchanga, la sivyo tutaburuza tumbo barabarani.

Likizo nimeomba. Bosi anasema, "Tutaona."

Mwanao, Bisibisi.

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi salama, goti nimelikanda.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kilo ishirini na tatu zimekuingia, sikuona hata moja ikiingia.

Nimelegeza bolti zote, nimeongeza mchanga, tumekaza upya. Gari tayari. Bado wewe.

Baba yako, fundi wa mafundi.

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Likizo imekataliwa. Mwenzangu kajifungua, hakuna wa kushika zamu yake. Mwaka huu siji. Nisamehe.

Bisibisi.

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Usilie kwenye mashuka ya watu, utayafua mara mbili.

Jana nilitoa mfuko nikazunguka mjini peke yangu. Watu walivunjika shingo kweli, mmoja nusura aingie mtaroni! Ila gari lilikuwa linainamia kwangu, kwako kumeinuka. Njia nzima.

Fundi redio akasema, "Mzee, lipime upya kwa mtu mmoja. Asubuhi moja tu, tumemaliza." Nikamwambia akatengeneze redio zake.

Mfuko nimeurudisha kitini, nikaufunga mkanda. Sasa gari limekaa sawa.

Ukipanda tena ile mizani, niandikie kilo zako. Nisije nikakosea tena.

Baba yako.