Uso wa Mama Neema kwenye bango lao

Alhamisi jioni. Kampala imetulia baada ya mvua ya asubuhi. Mimi sijatulia.

Shirika letu ni dogo, liko Nateete, tunawafundisha ushonaji wanawake wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka huu tumeunganishwa na shirika kubwa la Bugolobi. Kwao ushirikiano maana yake sisi tulete watu, wao walete kamera.

Mama Neema alitoroka Kongo na wanawe wawili kwa sababu shemeji yake aliapa kuwachukua. Huyo bwana bado anawatafuta, hadi hapa mjini. Mama Neema alikubali kuwasimulia wageni wa shirika hilo kubwa maisha yake kwa sharti moja: asipigwe picha. Nikamhakikishia kwamba hao ni watu wangu. Nilimwambia Geofrey, afisa wao, mara mbili, akaandika kwenye daftari.

Leo nimeenda kwao mkutanoni. Getini, kando ya barabara, bango: uso wa Mama Neema, mkubwa kama mlango, na jina lake chini. Askari akaniambia limetundikwa tangu wiki jana.

Nikaingia moja kwa moja ofisini kwa Geofrey.

Geofrey hata aibu hakuona. "Lakini madamu, si alisaini? Iko kwa karatasi."

Karatasi yenyewe ni ya mahudhurio ya siku ile ya wageni! Chini kabisa, kwa Kiingereza, herufi kama sisimizi, eti anayesaini amekubali picha. Mama Neema hajui Kiingereza. Nikataka bango lishushwe, nikaambiwa nisubiri bosi arudi Jumatatu, halafu wakanimiminia chai. Wanauma huku wanapuliza.

Ila nikimlaumu Geofrey peke yake nitakuwa mwongo. Karatasi ile niliizungusha mimi. Kalamu nilimpa mimi. Sikuisoma, maana makaratasi yao hayaishi na nilishachoka nayo.

Nikaenda Kalerwe, Mama Neema anakouza nyanya, nikamweleza. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Dada, ulisema ni batu yako."

Akaanza kurudisha nyanya kwenye gunia, saa tisa mchana, wateja wamesimama. Akaondoka kwenda kuwatoa watoto shuleni. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Jumatatu siisubiri. Kesho asubuhi naenda Bugolobi na mkasi wa darasani, ule wa kukatia jinzi. Ushirikiano ukivunjika, uvunjike.

Lakini wiki nzima barabarani. Nani ameshapita hapo?